Picha za Wanyama: Zilizotoka Kilimanjaro na Zilizorudi Japani



Ukimwuliza mtoto wa migombani, awe wa Kilema au wa Machame, simba ana umbo gani, atakueleza bila kusita: manyoya ya shingoni, mkia wenye kishungi, macho ya manjano. Ukimwuliza alimwona wapi, atajibu, "Kitabuni." Babu zetu walimjua chui kwa mlio wake na kwa mbuzi aliyekosekana asubuhi, sisi wengi wetu twamjua kwa picha. Tena tazama kuta za nyumba zetu. Kalenda ya mwaka uliopita haitolewi msumarini, kwa kuwa juu yake pana tembo amesimama mbele ya Kibo. Tarehe zimekwisha kazi, lakini tembo bado anatazamwa, na mama mwenye nyumba hakubali atolewe.

Basi nimeona vema kuwaandikia habari za picha za wanyama: zilianzaje kuchorwa katika mlima wetu, nani alizikusanya, nazo zilikwenda wapi. Na kwa kuwa jambo la mtu huonekana wazi zaidi likiwekwa kando ya jambo la mwenzake, nitawachukua safari ndefu kidogo mpaka nchi ya Japani. Wajapani walikuwa na picha za wanyama tele, wakaziacha ziondoke kwa bei ndogo, kisha wakavuka bahari kwenda kuzitafuta.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1884 alifika Moshi kijana Mwingereza, jina lake Harry Hamilton Johnston, mwenye umri wa miaka 26. Alizaliwa London, na kabla ya kuwa msafiri alikuwa amejifunza kazi ya kuchora katika chuo cha kifalme cha wachoraji cha mji ule. Wakati huo Moshi haikuwa mji wa chini penye reli. Reli ilikuja baadaye sana. Moshi ilikuwa juu, kati ya migomba na mifereji, na mtawala wake alikuwa Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Johnston alikuwa ametumwa na vyama vya wataalamu wa Uingereza ili akusanye wanyama, ndege na mimea ya mlima, maana huko kwao watu walikuwa bado hawajui kuna viumbe gani juu ya mlima wenye theluji ulio karibu na ikweta.

Mangi alimpa mahali paitwapo Kitimbiriu, akajenga vibanda vyake, akalima bustani ya mboga. Urafiki wao haukudumu. Johnston akahama, akaenda Taveta, kisha akaupanda mlima kwa upande wa Marangu, na baadaye akadai kuwa alifika kimo cha futi zaidi ya 16,000. Lakini sitaki kusema mengi juu ya kupanda kwake. Waliopanda ni wengi, na habari zao zimeandikwa sana. Nataka tutazame kazi aliyoifanya alipokuwa ameketi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege akiisha kufa, manyoya yake hushika rangi kwa miaka mingi kama ngozi ikitengenezwa vizuri. Lakini rangi ya jicho, na ya mdomo, na ya miguu, hufifia upesi. Kwa hiyo mtu wa kazi hii hana budi kuketi na rangi zake za maji siku ile ile, kabla ndege hajabadilika, achore lile ambalo ngozi haitaweza kulisimulia. Ngozi huenda sandukuni, na picha hufuatana nayo. Tena huandikwa kikaratasi: alipatikana wapi, tarehe gani, katika kimo gani, dume au jike. Kikaratasi hicho kidogo ni kitu kikubwa, nanyi mtaona sababu yake hapo mbele.

Katika masanduku ya Johnston walikuwamo wawili ambao sisi twawajua. Wa kwanza ni mbega, yule mwenye vazi refu jeupe mabegani na mkia wenye kishungi kama usinga. Mwaka 1885 mtaalamu wa London, Oldfield Thomas, aliandika taarifa ya wanyama walioletwa na Johnston kutoka Kilimanjaro, na humo mbega wa mlima wetu akapewa jina lake la kitaalamu, jina litajalo mkia wake. Wa pili ni chozi wa juu kabisa, kule ambako miti imekwisha na mimea mikubwa ya lobelia imesimama katika baridi. Dume lake ni la kijani kinachometa kama shaba iliyosuguliwa, lina vishungi vyekundu ubavuni na manyoya mawili marefu ya mkia. Huyu naye aliandikwa mwaka 1885, akaitwa kwa jina la Johnston. Na mpaka leo wataalamu wa ulimwengu wote humwita Nectarinia johnstoni.

Hapo naomba msomaji asimame kidogo. Jina la Johnston limo katika jina la chozi. Jina la yule aliyemwonyesha njia ya kupita msituni, aliyejua mbega hulala mti gani na hushuka saa ngapi, halimo. Mgeni wa miezi michache hajui mambo hayo kwa akili yake peke yake. Kulikuwa na Wachaga waliomwongoza, na wapagazi waliotoka pwani na Unguja, waliochukua masanduku yale mabegani mpaka baharini. Sisemi hivi kwa kumlaumu Johnston, maana kitabu chake cha mwaka 1886, chenye picha alizozichora mwenyewe, ni hazina kwa mtu atakaye kujua nchi hii ilikuwaje kabla ya Wazungu kuitawala. Nasema tu kwamba anayeandika kikaratasi ndiye anayekumbukwa.

Mwaka ule ule wa 1886 Waingereza na Wadachi waligawana nchi kwa mapatano, na mlima ukawa upande wa Wadachi. Ndipo walipokuja wachoraji wa taifa lile. Aliyejulikana kupita wote kwa wanyama ni Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufa mwaka 1926. Wachoraji wa Ulaya kabla yake walizoea kumchora simba aliyefungwa katika bustani ya wanyama mjini, amenenepa na kukata tamaa nyuma ya chuma. Kuhnert alifunga safari akaja koloni hili mwaka 1891, akarudi tena mwaka 1905, na baadaye tena, ili awaone wanyama katika majani yao na katika jua lao. Alikuwa mwindaji pia: alipiga, kisha akaketi kando ya mnyama aliyelala, akachora. Huko kwao picha zake zilipigwa chapa katika vitabu vikubwa vya elimu ya wanyama, na katika picha za kutundikwa ukutani mashuleni, hata katika vikaratasi vya chokoleti ambavyo watoto walivikusanya. Watoto wa Kidachi waliijua nyika yetu kwa njia ya utamu mdomoni.

Lakini mkono uliochora simba ulichora na mambo mengine. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, Kuhnert alikuwako Mahenge, akayaona mapigano ya hapo, na baadaye akayachora katika picha kubwa ya rangi za mafuta. Mwaka 2018 picha zake zilikusanywa na kuonyeshwa katika mji wa Frankfurt, na safari hii walioziandaa hawakueleza habari za simba na tembo tu. Walieleza pia habari za utawala uliomfungulia mchoraji njia. Nami naona walifanya haki. Hata huku kwetu neno "kukusanya" lina upande wake wa giza. Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa Moshi na Wadachi mwezi wa Machi mwaka 1900, na jamaa zake wamelitafuta fuvu lake huko Ujerumani kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wenye makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu yaliyotoka nchi hizi yamepatana kwa damu na jamaa walio hai, na moja latajwa kuwa la mtu wa baraza la Meli. Basi mtu akisikia kwamba kitu fulani kimehifadhiwa vizuri Ulaya, asishukuru upesi kabla ya kuuliza ni kitu gani.

Turudi kwa Johnston, kwa maana ndiye atakayetuvusha mpaka Japani. Baada ya miaka mingi alikuwa mjumbe mkuu wa serikali ya Uingereza katika Uganda, tangu mwaka 1899 mpaka 1901. Huko alisikia kwa Wambuti wa msitu wa Kongo habari za mnyama mkubwa afananaye na punda. Alipata vipande vya ngozi yenye milia, na mwisho ngozi nzima na mafuvu, akavipeleka London. Huyo ndiye okapi, jamaa ya twiga, naye pia akapewa jina la Johnston. Ajabu ni hii: Johnston alimchora okapi kwa rangi, picha nzuri iliyochapishwa, na hali hakupata kumwona akiwa hai hata siku moja. Alichora kwa kuitazama ngozi na kwa kusikiliza maneno ya watu.

Jambo hilo Wajapani walilizoea zamani sana. Katika visiwa vyao hakuna chui-milia, lakini mnyama huyo walimpenda mno katika picha, kwa sababu wachoraji wa China walimsifu. Wakafanya nini? Walizichukua ngozi zilizoletwa kwa merikebu, na picha za Kichina, kisha wakamwangalia paka wa nyumbani jinsi anavyojilamba na kujikunja, wakaunganisha vyote vitatu. Kwa hiyo chui-milia wengi wa Japani wana uso wa paka aliyeshiba. Tena ngozi za chui wa madoadoa zilipofika pamoja na zile za milia, watu wengi wa kule walidhani kuwa chui ndiye jike lake, wakawachora pamoja kama mume na mke. Mzee wa Kichaga angecheka. Lakini na sisi tungemchora vipi dubu wa theluji?

Alikuwako katika mji wa Kyoto mchoraji mmoja jina lake Ito Jakuchu, aliyezaliwa mwaka 1716 na kufa mwaka 1800. Baba yake alikuwa mwuza mboga sokoni. Jakuchu alipochora chui-milia mwaka 1755, aliandika juu ya picha ile ile kwamba katika Japani mnyama huyo hayuko, naye amenakili picha ya Mchina. Ni unyofu ulioje! Lakini jogoo hakumnakili mtu. Alifuga kuku uani pake, akawatazama siku nyingi, jinsi wanavyoinua mguu, jinsi manyoya ya shingo yanavyosimama wakigombana, ndipo akashika kalamu. Jogoo wake leo ni katika picha zinazothaminiwa kupita zote za taifa lile. Kuku wa namna hiyo wanaparua chini ya migomba ya kila mmoja wetu.

Picha za Jakuchu zilikuwa za mkono, moja moja, kwa ajili ya mahekalu na matajiri. Watu wa kawaida walikuwa na zao, nazo ndizo picha za chapa ya mbao. Nitaeleza namna zilivyofanywa, maana ni kazi ambayo mwalimu yeyote wa ufundi angependa kuijua. Mchoraji huchora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha huchonga kila mahali pasipo na mstari, mpaka mistari peke yake imebaki imeinuka. Na ile karatasi ya kwanza huharibika katika kazi hiyo. Kila rangi ina ubao wake. Mpiga chapa hupaka rangi juu ya ubao, hulaza karatasi ngumu iliyofanywa kwa maganda ya mti jamaa ya mforosadi, tena yenye unyevu kidogo, akaisugua mgongoni kwa kisugulio cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Akikosea kuilaza karatasi kwa upana wa uzi tu, rangi hutoka nje ya mstari. Na juu ya wote yuko mwenye duka, atoaye fedha na kuuza. Watu wanne, kwa hiyo, ndio waifanyao picha moja, ingawa jina linalojulikana ulimwenguni ni la mchoraji tu.

Picha hizo ziliuzwa kwa bei ambayo fundi au mchuuzi aliweza kuilipa. Mwaka 1863 tembo aliletwa kwa merikebu, akaonyeshwa katika mji wa Edo, ambao sasa waitwa Tokyo, na mara wachoraji wakatoa picha zake kwa mbao, huku wakiandika pembeni kwamba amtazamaye tembo huondokewa na misiba. Utagawa Kuniyoshi alichora paka bila hesabu, maana walijaa nyumbani kwake. Utagawa Hiroshige, aliyekufa mwaka 1858, alichora tai ajishushaye kutoka mawinguni juu ya nchi ya theluji, na paka mweupe aketiye dirishani akitazama mashamba. Watu walizibandika kuta, watoto walizichezea, zilipochakaa zikatupwa. Hakuna aliyeziona kuwa mali, kama vile sisi tusivyoiona kalenda kuwa mali.

Kisha, baada ya mwaka 1868, nchi ya Japani ilipobadili serikali yake na kuipokea elimu ya Ulaya kwa haraka, picha za kale zikaonekana mambo ya kizamani. Wageni ndio waliozitamani. Katika Paris wafanyabiashara walizileta kwa maelfu. Daktari mmoja wa Boston, William Sturgis Bigelow, alikwenda Japani mwaka 1882, akakaa miaka kama saba, akanunua na kununua; mwaka 1911 alilipa jumba la makumbusho la mji wake vitu vyake vyote, na ndani yake picha za chapa zaidi ya 30,000. Mjapani aliyetaka kuona vizuri kazi za babu zake ilimpasa kupanda meli.

Nisiseme kwamba Wajapani wote walilala. Mwaka 1881, katika maonyesho makubwa ya Tokyo, mchoraji Kawanabe Kyosai alileta picha ya kunguru mmoja juu ya tawi kavu. Kunguru tu, kwa wino mweusi! Bei aliyoiweka ilikuwa yeni 100, fedha nyingi mno kwa siku zile, na watu walinung'unika. Lakini alikuwako mwuza vitamu wa mji uo huo aliyetoa yeni 100 akaichukua. Mimi humheshimu huyo mwuza vitamu kuliko matajiri wote waliokuja baada yake, maana alinunua kitu cha nyumbani kwa bei ya heshima wakati ambapo mwenye kukifanya alikuwa hai, akaweza kula kwa fedha ile. Mwaka huo huo Mwingereza Josiah Conder, aliyekuwa akiwafundisha Wajapani ujenzi wa majumba, alimwendea Kyosai akawa mwanafunzi wake, akakusanya picha zake na kuandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1911.

Halafu kurudi kukaanza. Matsukata Kojiro, mwenye kiwanda cha kuunda meli, alinunua kama mwaka 1920 picha za chapa zipatazo 8,000 kutoka kwa Mfaransa mmoja, sonara wa Paris, aitwaye Henri Vever, akazirudisha zote Japani. Leo zimo katika jumba la makumbusho la taifa huko Tokyo. Karatasi ambazo babu aliuza kwa senti, mjukuu alizinunua kwa mali nyingi. Na hata karne hii jambo hilo limeendelea. Mmarekani Joe Price alinunua picha ya zabibu katika New York mwaka 1953, na wakati huo hakulijua jina la mchoraji. Kumbe ni Jakuchu. Akaendelea kukusanya kwa zaidi ya nusu karne, mpaka Wajapani wenyewe walipokuwa wakisafiri kwenda kwake ili kujifunza habari za mtu wao. Mwaka 2019 picha 190 katika hizo zilinunuliwa na jumba la makumbusho la Idemitsu la Tokyo, zikarudi kwao.

Sasa rudini nami nyumbani, maana na sisi tulimpata mtu wetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi nyingi za mkono ili apate riziki. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za Kizungu. Alichukua vipande vya ubao wa kukandamizwa, ule wa kufunikia dari, na rangi za kung'aa zipakwazo baiskeli. Alichora mnyama mmoja mkubwa, chui au tembo au ndege, aliyejaa ubao mzima, bila kivuli na bila nchi nyuma yake. Picha zake ziliuzwa barabarani Oyster Bay, penye Morogoro Stores, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Jamaa na wanafunzi wake wakaishika kazi, wakaieneza, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika.

Mtu aliyezoea picha za Kijapani akiutazama ubao wa Tingatinga ataona jambo la ajabu: mstari mweusi wa nje, rangi iliyolala bila kivuli, mnyama aliyetolewa katika nchi yake na kuwekwa peke yake mbele ya macho. Hawakufundishana. Mmoja alibanwa na ubao wa kuchonga, mwingine na rangi ya baiskeli isiyotaka kuchanganyika, na wote wawili wakatafuta njia nyepesi ya kumfanya mnyama atambulikane kwa mtazamo mmoja. Huenda ndiyo sababu watu wa Japani nao wamekuwa wapenzi na wanunuzi wa picha hizi za Tanzania.

Lakini zile bao za mkono wa Tingatinga mwenyewe nyingi zilikwenda Ulaya na wageni wale wale waliozinunua barabarani. Katika mji wa Moshi leo wako vijana wachorao kwa mtindo huo, na wapandao mlima huzinunua siku ya mwisho, huzikunja, huzitia katika mizigo yao. Wachoraji wapate kula, na si vibaya. Ila ukiuliza ni nyumba ngapi za Wachaga, hata zenye bati zuri na viti vya kitambaa, zilizo na picha moja ya mnyama iliyonunuliwa kwa mchoraji wa Moshi, utahesabu kwa vidole. Twanunua picha ya kiwanda yenye maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana.

Asiyekuwa na fedha nyingi aweza kuanza kwa kidogo, na mwenye kuanza ajue adui za karatasi. Wa kwanza ni jua. Katika picha za zamani za Japani rangi ya samawati ilitolewa katika ua dogo la buluu, jamaa ya lile jani litambaalo chini ya migomba yetu, nayo hufifia ikawa kama majani makavu; mpaka kama mwaka 1830 walipoanza kutumia kwa wingi buluu iliyovumbuliwa Berlin, isiyofifia upesi hivyo. Kwa ajili hiyo majumba ya makumbusho huziweka picha hizo gizani, huzitoa kwa wiki chache tu, kisha huzipumzisha. Adui wa pili ni unyevu, nao huku kwetu katika masika hauna mfano. Picha isigandamane na ukuta wa udongo, iwekewe vijiti viwili nyuma hewa ipite. Wa tatu ni moshi wa jikoni, wa nne mende na yule mdudu mwenye rangi ya fedha alaye gundi. Picha ya karatasi isiyo na kioo ilazwe katika sanduku kavu, kati ya karatasi safi, wala si kati ya magazeti, maana gazeti hugeuka manjano na kuitia doa.

Na nyuma yake, kwa penseli wala si kwa wino, andika kile kikaratasi cha Johnston: jina la mchoraji na kijiji chake, mwaka, mahali uliponunua na bei uliyotoa, kisha jina la mnyama kwa Kiswahili na kwa Kichaga cha kwenu. Kama babu aliyekwambia jina hilo la Kichaga yu hai bado, andika na jina lake.